Risiva ya bei nafuu kwa muziki wa chaneli nyingi: anza na tundu za nyuma, wati baadaye

Mwaka jana mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniita nikasikilize risiva aliyonunua, ile mashine inayopokea sauti na kuzilisha spika. Spika tano zilikuwa zimepangwa vizuri, kochi katikati, simu mkononi. "Fundi, hebu sikia hiyo saraundi," akasema, akabonyeza simu. Nikaenda hadi spika ya nyuma kushoto nikatega sikio: mwimbaji, gitaa, ngoma, kila kitu. Nikahamia ya nyuma kulia, vilevile. Ya mbele, vilevile. Mzee alikuwa anasikiliza stereo iliyorudufiwa. Alikuwa ameunganisha simu kwa Bluetooth, na Bluetooth ya risiva hupokea chaneli mbili basi. Risiva haikuwa na kosa lolote, na mimi niliyekwishatoa shikamoo na kupewa chai nikabaki natafuta maneno ya kumwambia.

Muziki wa chaneli nyingi wenyewe ni kitu kingine. Aliyerekodi au aliyechanganya sauti ameamua kila spika itoe nini: waimbaji mbele, fidla ubavuni, makofi na mwangwi wa ukumbi nyuma. Chaneli tano kamili, na ya sita ya besi nzito peke yake. Ndiyo hiyo 5.1. Risiva ina kazi tatu: kuzipokea chaneli hizo zote bila kupoteza hata moja, kuzifumbua kama zimefungwa, kisha kuzipa nguvu. Wauzaji wengi watakuonyesha kazi ya tatu, yaani wati, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Mimi nitakupitisha kwa njia ya nyuma.

Hatua ya 1: Amua muziki utatoka wapi

Usitoke nyumbani kwenda dukani kabla ya kujibu hili. Vyanzo ni vichache, na kila kimoja kina mlango wake.

Cha kwanza na rahisi kuliko vyote ni DVD za matamasha. DVD halisi ya tamasha mara nyingi ina sauti ya Dolby Digital au DTS (namna mbili za kubana sauti) ya chaneli 5.1, na risiva yoyote ya miaka ishirini iliyopita inaifumbua. Angalia tu isiwe nakala ya mtaani; nyingi zimebanwa upya na kilichobaki ni stereo, hata kama jalada limeandikwa 5.1.

Cha pili ni santuri za watu wenye kiu kweli: SACD, diski kama CD iliyoletwa na Sony na Philips mwaka 1999, na DVD-Audio iliyofuata mwaka 2000. SACD nyingi zina tabaka mbili, moja ya CD ya kawaida. Ukiiweka kwenye mashine ya CD inaimba vizuri, na hutajua kwamba chaneli nyingine zimelala humo ndani. Unahitaji mashine inayoisoma: PlayStation 3 za matoleo ya mwanzo zinaisoma na kutoa chaneli zote kwa HDMI, na Sony UBP-X800 inasoma SACD na DVD-Audio pia. PlayStation 3 nene ya zamani ndiyo ninayowapendekezea vijana wasio na hela, ila waulize muuzaji toleo, maana za baadaye haziisomi SACD. Feni yake pia ina makelele, basi iweke mbali na kochi.

Cha tatu ni intaneti. Apple Music ilianza kutoa nyimbo za Dolby Atmos (sauti inayoongeza spika za juu, za dari) mwezi Juni 2021, na ukiwa na kisanduku cha Apple TV 4K unaziingiza kwenye risiva kwa waya wa HDMI. Sauti hiyo hutiririka kwa kilobiti 768 kwa sekunde. Piga hesabu, ni kama MB 345 kwa saa. Kwa mtu wa bando la siku hilo ni jambo la kulifikiria kabla ya kununua kisanduku.

Na muziki wetu? Niseme ukweli wangu hapa. Dansi ya zamani iliyorekodiwa studio za Redio Tanzania Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ni mono, yaani chaneli moja, na taarab nyingi tulizonazo ni mono au stereo. Risiva ina vitufe vya kuzitawanya kwenye spika tano, na kuna wanaopenda hivyo. Mimi napenda dansi itoke spika mbili za mbele, gitaa zikisemezana palepale zilipopigwa. Ukinunua risiva ya chaneli tano kwa ajili ya santuri za baba yako tu, umetupa pesa. Nunua amplifaya nzuri ya stereo.

Hatua ya 2: Geuza risiva, soma mgongo

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Waya wa mwanga (Optical), ule wenye taa nyekundu, una nafasi ya chaneli mbili zisizobanwa, au 5.1 iliyobanwa ya Dolby Digital na DTS. Unatosha kwa DVD ya tamasha. Hautoshi kwa chaneli sita ambazo hazijabanwa, yaani SACD na DVD-Audio kwa ubora wake. Mtu akikuuzia risiva yenye waya wa mwanga peke yake, jua umenunua mlango wa DVD tu.

HDMI ndiyo mlango mpana. Inabeba hadi chaneli nane zisizobanwa. Lakini kuna mtego kwenye mitumba. Risiva za mwanzo zenye HDMI, za katikati ya miaka ya 2000, nyingine zilikuwa zinapitisha picha tu kwenda kwenye runinga. Sauti hazikuigusa kabisa. Tundu zipo, zimeandikwa HDMI, muuzaji anaapa, na ukifika nyumbani kimya. Njia yangu ya haraka ni kutazama uso wa mbele: kama kuna nembo za Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, risiva hiyo inachukua sauti kwenye HDMI na itapokea chaneli zote. Nembo hizo zilianza kuonekana kwenye risiva karibu mwaka 2007. Ukikuta Dolby Digital na DTS peke yake, usiondoke moja kwa moja, ila usilipe kabla ya kuijaribu kwa waya.

Ukitaka Atmos, risiva iwe ya mwaka 2014 au baadaye na iwe na nembo yenyewe. Huna haja ya kuilazimisha. Atmos ya intaneti husafiri ndani ya Dolby Digital Plus, na risiva inayoijua hiyo lakini haina Atmos huishusha hadi 5.1 ya kawaida bila kulalamika. Kwa bajeti ndogo, 5.1 iliyopangwa vizuri inaishinda Atmos ya spika za dari zilizobandikwa popote penye msumari. Spika za dari pia zinataka amplifaya mbili zaidi ndani ya risiva, kwa hiyo 5.1.2 ni risiva ya chaneli saba, na bei inapanda.

Mlango wa tatu ni tundu sita au nane za analogi zilizopangwa pamoja, mara nyingi zimeandikwa Multi Ch In. Risiva mpya za bei nafuu hazina tena, lakini mitumba ya zamani inazo, na ukiwa na mashine ya zamani ya SACD yenye tundu sita za kutolea sauti, ndoa hiyo ni tamu sana. Kasoro yake: kwenye tundu hizo risiva nyingi hazipimi umbali wa spika wala hazihamishi besi kwenda spika ya besi. Mipangilio hiyo uifanye kwenye mashine yenyewe. Na spika ya besi mara nyingi hutoka dhaifu kwa njia hii. Ikikosekana, iongeze desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kisha usikilize tena.

Usipitishe muziki kwenye runinga kwanza. Runinga nyingi zikirudisha sauti kwa ARC, njia ya kurudisha sauti kwenye waya wa HDMI, hutoa stereo au sauti iliyobanwa kama Dolby Digital tu. Zenye eARC, toleo lake jipya, ndizo zinazorudisha chaneli nyingi zisizobanwa. Mashine iingie kwenye risiva, risiva ndiyo iende kwenye runinga. Risiva ya zamani haitapitisha picha ya 4K, sawa, lakini tunasikiliza muziki. Picha unaihitaji ya kuchagulia wimbo tu.

Hatua ya 3: Umeme wake ni wa wapi?

Tanzania tunatumia volti 230, Kenya 240. Japani ni 100, Marekani 120. Risiva ya Japani ukiichomeka ukutani kwetu inapata zaidi ya mara mbili ya umeme wake. Fyuzi ikiwa na bahati inakatika, isipokuwa na bahati zinakwenda kapasita au transfoma. Nimepokea mezani kwangu risiva nzima kabisa kwa macho, nzuri, imeuawa kwa sekunde moja na mwenyewe akiwa na furaha.

Soma kibao cha nyuma, karibu na waya wa umeme. Kimeandikwa volti. Baadhi zina swichi ndogo ya kuchagua volti. Igeuze kabla ya kuchomeka, na risiva ikiwa imezimwa. Kibao kikiwa kimekwanguliwa, washa redio ya FM pale dukani, kwa transfoma ya muuzaji: masafa yakianzia 76 na kuishia 90 au 95, hiyo ni ya Japani, ni ugonjwa uleule wa redio za magari tunayoyajua. Zilizotoka Uingereza na Ulaya hazina shida hii.

Risiva ya volti 100 au 120 bado inafaa kama bei ni nzuri na una transfoma ya kushusha umeme. Iwe na uwezo kama mara mbili ya ulaji ulioandikwa kwenye kibao, na isiwe ile ndogo ya kuchajia mashine ya kinyozi.

Hatua ya 4: Sasa wati, kwa ufupi

Boksi linasema wati 145 kwa chaneli. Chini yake, kwa maandishi ya sisimizi: chaneli moja tu ikifanya kazi, kwa mlio wa hezi 1,000, kwenye spika ya omu 6 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika). Risiva hiyohiyo ikipimwa chaneli mbili kwa pamoja, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, namba inashuka sana, na zikiimba zote tano inashuka tena, kwa kuwa zote zinanyonya transfoma moja. Linganisha risiva mbili kwa kipimo cha namna moja, la sivyo unalinganisha debe na kilo. Kibao cha nyuma pia kinasaidia: ulaji ulioandikwa si wa kilele, lakini risiva inayokula wati 300 na kitu haiwezi kumwaga 145 mara tano kwa wakati mmoja.

Habari njema ni kwamba huzihitaji. Spika ya kawaida hutoa kama desibeli 88 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Ukikaa mita tatu sebuleni unabaki na karibu 80, sauti ambayo tayari mama mwenye nyumba ataiulizia. Wati 100 zinakuongezea desibeli 20 juu ya hapo. Na tofauti ya wati 70 na wati 100 ni desibeli moja na nusu. Ukiwa na glasi ya maji mkononi hutaisikia.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko wati ni spika zenyewe. Zile ndogo zilizotoka kwenye seti ya hom thieta iliyokufa mara nyingi ni za omu 3 au 4, na risiva inataka 6 au 8. Itaimba, itapata moto, itajizima. Geuza spika usome. Nikigawa pesa ya mteja, theluthi moja inakwenda kwenye risiva na inayobaki yote kwenye spika. Bora mbili nzuri za mbele leo, za nyuma mwezi ujao.

Hatua ya 5: Mpya au mtumba

Kwa mpya za ngazi ya chini, majina niliyofunga mara nyingi ni Yamaha RX-V385, Denon AVR-S540BT na Sony STR-DH590. Zote ni za chaneli tano, zina HDMI, zinapokea chaneli zisizobanwa, hazina Atmos wala tundu sita za analogi. Ukitaka Atmos bila kupanda sana, Sony STR-DH790 ina chaneli saba. Kati ya tatu za kwanza nisingekesha nikichagua. Chukua yenye dhamana inayoeleweka na duka ambalo kesho utalikuta.

Kwa mtumba, nenda na santuri yako ya 5.1, mashine yako na waya wako wa HDMI. Ukiwasha, sikiliza "tak" ya rilei, swichi ya ndani, baada ya sekunde chache; isipolia, risiva imejifungia kwa hitilafu. Kwenye menyu kuna mlio wa majaribio unaozunguka spika moja baada ya nyingine: ufuate kwa sikio hadi umalize zote. Jaribu kila tundu la HDMI, moja moja. Zungusha kitufe cha sauti polepole uone kama kinarukaruka. Kisha iache iimbe nusu saa. Usione aibu, omba kiti ukae. Bodi za HDMI zilizochoka huimba vizuri zikiwa baridi, zikipata moto zinaanza kukata sauti.

Chungulia pia matundu ya juu kwa tochi. Ukiona mayai meupe kama vidonge, mjusi alipanga humo, na mkojo wake hula njia za shaba kwenye bodi. Hapo punguza bei au aga.

Omba rimoti. Niliwahi kununua risiva nzuri sana bila rimoti kwa kuwa bei ilinipendeza. Vitufe vya mbele havikuweza kuingia kwenye menyu ya spika, nikabaki na mashine inayodhani chumba changu kina spika kubwa mbili. Wiki tatu nilitafuta rimoti inayofanana. Na maiki yake ya kupimia spika, kama ipo, iingie kwenye mfuko uleule; maiki ya kampuni nyingine haikubaliani nayo.

Hatua ya 6: Panga kwa kamba

Chukua kamba, funga fundo pale kichwa chako kinapokuwa ukikaa, na uitumie kupima. Spika zote tano ziwe umbali mmoja kutoka kwenye fundo kadiri chumba kinavyoruhusu. Umbali kati ya spika mbili za mbele uwe sawa na umbali wa kila moja hadi kwako. Pembe tatu sawa, kama mafiga. Ya kati iwe katikati yao. Za nyuma zisiwe nyuma kabisa: ziwe ubavuni na kurudi nyuma kidogo ya masikio, nyuzi 100 hadi 120 kutoka mbele yako. Kwa filamu watu huzitundika juu karibu na dari. Kwa muziki ziweke karibu na usawa wa masikio, kwa sababu fidla iliyowekwa ubavuni haikutarajiwa ishuke kutoka darini.

Chumba kikikataa, risiva inarekebisha. Sauti husafiri mita moja kwa karibu milisekunde tatu, kwa hiyo ukiiambia kwamba spika ya kushoto iko mita moja karibu zaidi, itaichelewesha kiasi hicho. Maiki hufanya haya peke yake. Iweke kwenye stendi usawa wa masikio, siyo juu ya mto wa kochi, na zima feni. Feni ya dari imeharibu vipimo vingi zaidi ya watoto.

Vipimo vikiisha, ingia kwenye menyu uvikague. Maiki hupenda kuziita spika za kawaida "Large". Zibadilishe ziwe "Small" na mpaka wa besi uweke hezi 80; besi ya chini ya hapo iende kwenye spika ya besi. Umbali wa spika ya besi ukisoma mrefu kuliko wa kweli, uache ulivyo, vifaa vya ndani yake huchelewesha sauti na maiki imesikia hivyo.

Hatua ya 7: Hakikisha ni chaneli nyingi kweli

Weka santuri, kisha chagua hali isiyoongeza kitu: Straight au Direct, kutegemea kampuni. Soma uso wa risiva. Ukiandika Multi Ch, DSD (sauti ya SACD), DTS, Dolby au Atmos, sauti imeingia nzima. Ukiandika PCM 2.0 au Stereo, rudi kwenye menyu ya mashine utafute mpangilio wa sauti ya HDMI. Mara nyingi umewekwa stereo tangu kiwandani.

Halafu fanya kama nilivyofanya kwa yule mzee: nenda kwenye spika ya nyuma, iname, tega sikio. Ukisikia makofi, mwangwi, au kinanda peke yake bila mwimbaji, kaa kwenye kochi. Ukimsikia mwimbaji kama alivyo mbele, bado uko Hatua ya 1.